Kipaji au Kimo? Sayansi ya Umri katika Akademi za Soka

Asubuhi moja ya Jumamosi, nilipokuwa likizoni nyumbani Tanga, nilipita kwenye uwanja wa mchanga ambako klabu moja ya mpira ilikuwa ikichagua chipukizi wa akademi yake. Vijana wapatao mia moja walikuwa wamekusanyika. Wengine walitoka Sahare na Makorora kwa miguu. Wengine walipanda basi tangu alfajiri kutoka Muheza na Pangani. Tangazo lilieleza kwamba wanatakiwa vijana wasiozidi umri wa miaka 14. Mwalimu wa timu aliwapanga mstari, akapita mbele yao taratibu kama mtu akaguaye gwaride, akawatoa nje wapatao thelathini kabla mpira haujaguswa. Wote aliowatoa walikuwa wafupi.

Mmoja wao alikuja kuketi karibu nami chini ya mwarobaini, akaniamkia, akaanza kufungua kamba za viatu ambavyo bila shaka aliviazima, maana vilimzidi. Nilimwuliza amezaliwa lini. Alijibu kwamba amezaliwa mwezi wa Desemba. Zoezi lilipokwisha nilimwuliza yule mwalimu sababu ya kumwondoa kijana yule bila kumtazama akicheza. Alinijibu kwa upole: "Dokta, mimi nina miezi miwili tu kabla ya mashindano. Huyu nikimwingiza leo, ataumizwa."

Sikumlaumu sana, kwa kuwa jibu lake lilikuwa la kweli. Hata hivyo niliondoka na swali ambalo ningependa kulijadili na walimu wenzangu wa sekondari pamoja na wanafunzi wao: asubuhi ile, mwalimu yule alipima nini hasa? Tangazo lilisema anatafuta vipaji. Macho yake yalipima kimo. Na kimo cha kijana wa miaka 13 hutueleza jambo moja kubwa, nalo si kipaji, bali ni jinsi mwili wake ulivyowahi au ulivyochelewa kukomaa. Maoni yangu ni kwamba akademi zetu nyingi huteua waliowahi kukomaa na kuwaita wenye vipaji. Na kwamba udanganyifu wa umri, ambao tumeuzoea mno, ni kosa lile lile lililotendwa kwa makusudi. Dawa ya yote mawili ni kumbukumbu za kweli, na mahali pa kuanzia ni shuleni.

Zamani na sasa

Tanga si mgeni wa kandanda. African Sports, Wana Kimanumanu, ilianzishwa mwaka 1936. Coastal Union, Wagosi wa Kaya, mwaka 1948. Mwaka 1988 Coastal Union ilitwaa ubingwa wa ligi ya taifa, na wazee wa Ngamiani hawajaacha kuisimulia habari hiyo. Katika miaka hiyo klabu hazikuwa na akademi. Mchezaji alilelewa na chandimu ya mtaani, timu za yosso na mashindano ya shule. Klabu ilikuja kuchuma tunda ambalo haikulipanda.

Siku hizi mambo yamebadilika. Klabu za Ligi Kuu hutakiwa kuwa na timu za vijana. Azam FC imejenga uwanja na kituo cha vijana huko Chamazi, Dar es Salaam. Shirikisho la soka nchini, TFF, limejenga kituo cha ufundi Mnyanjani, hapo hapo jijini Tanga, kwa msaada wa fedha za FIFA. Hata klabu isiyo na mabweni wala uwanja wake yenyewe hujitahidi kukusanya watoto jioni na kuwafundisha. Jambo hili ni jema na linastahili kuungwa mkono.

Kuna sababu ya fedha pia, ambayo yafaa wanafunzi waifahamu. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anaponunuliwa na klabu ya nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei yake hugawiwa klabu zote zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa malezi kati ya miaka 12 na 15 hulipwa asilimia 0.25, kila mwaka kati ya 16 na 23 hulipwa asilimia 0.5. Jumlisha mwenyewe: miaka minne ya kwanza hutoa asilimia 1, na minane inayofuata hutoa asilimia 4. Kijana aliyelelewa na klabu ya Tanga tangu miaka 12 hadi 15, akija kuuzwa Ulaya kwa dola 1,000,000, humletea mlezi wake dola 10,000. Lakini fedha hizo hulipwa kwa klabu iwezayo kuonyesha, kwa maandishi, kwamba kijana huyo alikuwa wake katika miaka hiyo. Asiye na daftari hana haki ya kudai.

Umri wa kalenda na umri wa mwili

Kila kijana ana umri wa namna mbili. Wa kwanza ni umri wa kalenda, yaani muda uliopita tangu azaliwe. Wa pili ni umri wa mwili, yaani hatua aliyofikia katika safari ya kutoka utotoni hadi utu uzima. Umri wa kwanza hutembea kwa mwendo mmoja kwa watu wote. Wa pili una mwendo wake kwa kila mtu.

Katika utoto mwili hukua polepole. Unapofika wakati wa kubalehe, homoni huongezeka na kimo hupanda kwa kasi. Kwa wavulana, kasi hiyo hufikia kilele, kwa wastani, karibu na umri wa miaka 14, na kijana aweza kurefuka sentimita 9 au 10 kwa mwaka mmoja. Kwa wasichana kilele huja mapema, karibu na miaka 12. Nao walimu wanaowalea chipukizi wa soka ya wasichana, ambao wamepata moyo tangu Serengeti Girls wafike robo fainali ya Kombe la Dunia la vijana mwaka 2022, hawana budi kulizingatia hilo. Lakini wastani ni wastani tu. Yupo kijana apitaye kilele hicho akiwa na miaka 12, na yupo afikishaye 16. Kwa hiyo vijana wawili wa darasa moja, waliozaliwa wiki moja, waweza kutofautiana kwa miaka kadhaa ya umri wa mwili. Aliyetangulia ana misuli zaidi, mbio zaidi na kifua kipana zaidi. Uwanjani humshinda mwenzake, si kwa sababu anaujua mpira kuliko yeye, bali kwa sababu anacheza na mtoto.

Ukuaji una hatari zake pia. Mifupa mirefu ya mtoto hurefuka kwenye gegedu zilizo karibu na ncha zake, na gegedu hizo ni laini kuliko mfupa uliokomaa. Kijana akizidishiwa mazoezi ya kukimbia na kuruka kwenye uwanja mgumu wakati anaporefuka kwa kasi, mara nyingi hupata maumivu chini ya goti, pale ugoko unapoanza. Tatizo hilo lilielezwa mwaka 1903 na madaktari wawili, Robert Osgood wa Marekani na Carl Schlatter wa Uswisi. Kwa kawaida hupona lenyewe mazoezi yakipunguzwa. Mwalimu asiyejua kwamba kijana wake yumo katika mwaka wa kurefuka humwita mvivu.

Tuchukue mfano wa kubuni, ambao mwanafunzi aweza kuukokotoa daftarini. Madaktari wa watoto hukadiria kimo cha mwisho cha mvulana kwa kujumlisha kimo cha baba na cha mama kwa sentimita, kuongeza 13, kisha kugawanya kwa 2. Juma ana miaka 13 na ni mrefu wa sentimita 163. Baba yake ana 170, mama yake 158. Kadirio lake ni 170.5, maana yake amekwisha kufikia asilimia 96 hivi ya kimo chake cha mwisho. Hamisi naye ana miaka 13, lakini ana sentimita 148 tu. Baba yake ana 175, mama yake 160. Kadirio lake ni 174, na amefikia asilimia 85 tu. Siku ya uteuzi Juma humzidi Hamisi kwa sentimita 15. Wakiwa watu wazima, yamkini Hamisi ndiye atakayekuwa mrefu. Kadirio hili lina makosa ya sentimita kadhaa juu au chini, wala halikutungwa kwa vipimo vya watu wetu, kwa hiyo litumike kwa hadhari. Hata hivyo laonyesha wazi kwamba yule mwalimu wa uwanja wa mchanga aliyemteua Juma na kumfukuza Hamisi hakupima kitu kitakachodumu.

Kwetu kuna jambo la kuongeza. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto wapatao 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Akademi ichaguayo kwa kimo huchagua pia, bila kukusudia, kwa sahani ya chakula. Mtoto wa nyumba yenye neema hupata nafasi ya pili. Wa nyumba ya dhiki hunyimwa hata ile ya kwanza.

Mwezi wa kuzaliwa

Turudi kwa yule kijana wa Desemba. Mashindano ya vijana hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia tarehe 1 Januari. Kwa hiyo kijana aliyezaliwa Januari na yule aliyezaliwa Desemba ya mwaka ule ule huwekwa kundi moja, ingawa wa kwanza amemtangulia mwenzake kwa takriban miezi 12. Kwa mtu wa miaka 30 tofauti hiyo si kitu. Kwa mtoto wa miaka 12, ni sehemu moja katika kumi na mbili ya maisha yake yote.

Mwaka 1985 mwanasaikolojia wa Kanada, Roger Barnsley, pamoja na wenzake, walitangaza kwamba katika mchezo wa magongo wa kwenye barafu, wachezaji waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka walikuwa wengi mno kuliko waliozaliwa miezi ya mwisho. Tangu hapo jambo lilo hilo limeonekana katika soka ya vijana ya nchi nyingi. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu nchini Ubelgiji, nilikutana na ushahidi ulionivutia zaidi, kwa kuwa ulifanana na jaribio la maabara. Huko, mwaka wa soka ya vijana ulikuwa ukianza tarehe 1 Agosti, na timu zilijaa waliozaliwa Agosti, Septemba na Oktoba. Mwaka 1997 tarehe ikahamishwa hadi 1 Januari. Watafiti wakahesabu tena, wakakuta kwamba sasa waliojaa ni wale wa Januari, Februari na Machi. Je, vipaji vilihama kutoka Agosti hadi Januari kwa amri ya shirikisho? La hasha. Kilichohama ni mstari wa kalenda.

Msomaji atanikumbusha kwamba Mbwana Samatta, aliyekuwa mchezaji bora wa Afrika kwa wachezaji wa ndani ya bara mwaka 2015, na Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza mwaka 2020, alizaliwa tarehe 23 Desemba 1992. Ni kweli. Mfano mmoja hauthibitishi wala haukanushi kanuni ya takwimu; lakini watufundisha kuogopa. Mtoto wa Desemba hakukosa kipaji. Swali ni wangapi wa Desemba waliondolewa mstarini kabla mpira haujaguswa, nasi hatutawajua kamwe.

Umri wa karatasi

Hapa ndipo tunapofika kwenye kidonda chetu wenyewe. Ikiwa miezi michache ya kukomaa humfaidia kijana kiasi hiki, basi miaka mitatu humfaidia zaidi. Na wapo watu walioligundua hilo bila kusoma utafiti wowote. Hupunguza umri wa kijana kwa kalamu.

Kumbukumbu za nchi yetu zatosha. Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za vijana za mwaka 2005 nchini Gambia, lakini Tanzania ikaondolewa kwa kosa la umri wa mchezaji. Miaka kumi na miwili baadaye mambo yaligeuka: mwaka 2017 Kongo ya Brazzaville iliondolewa kwa kushindwa kumpeleka mchezaji wake kwenye kipimo cha umri, na Tanzania ikapewa nafasi yake katika fainali za Gabon. Mwaka 2019 fainali hizo zilichezwa Dar es Salaam. Guinea ikafika mchezo wa mwisho, kisha ikanyang'anywa nafasi ya kwenda Kombe la Dunia, kwa kuwa tarehe za kuzaliwa za wachezaji wake wawili hazikulingana na zile walizoandikishiwa katika mashindano ya awali. Aliyeumizwa leo ndiye aliyefaidika kesho. Hakuna nchi iwezayo kumnyooshea mwenzake kidole.

Kipimo chenyewe ni cha kuvutia. Mashine ya MRI, itumiayo nguvu za sumaku bila mionzi ya eksirei, hupiga picha ya kifundo cha mkono. Wataalamu hutazama mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba, kuona kama gegedu ya ukuaji imekwisha kuungana kabisa na mfupa. Ikiwa imeungana, kuna uhakika wa karibu asilimia 99 kwamba kijana amepita miaka 17. FIFA ilianza kukitumia katika Kombe la Dunia la vijana lililochezwa Nigeria mwaka 2009. Lakini msomaji makini azingatie: kinyume chake si kweli. Gegedu ikiwa haijaungana, hatuwezi kusema kwa hakika kwamba kijana hajafika miaka 17, kwani huenda ni miongoni mwa wanaochelewa. Kipimo hiki ni mlango wa kuwazuia baadhi ya wadanganyifu. Hakiwezi kuchukua nafasi ya cheti cha kuzaliwa.

Nami sina usafi wa kuwahukumu wengine. Nilipomaliza kidato cha sita nilifundisha kwa muda katika shule moja ya mkoa wa Tanga. Siku moja kiongozi wa klabu fulani alikuja kuniomba barua ya kuthibitisha kwamba mwanafunzi wetu mmoja wa kidato cha pili ana umri wa miaka 14. Alikuwa na 17, nami nilijua. Nikaandika. Nilijiambia kwamba ninamsaidia mtoto wa maskini. Kwa barua ile alipatiwa cheti kipya. Mwaka wa kwanza kijana yule aling'ara kama nyota, kwa kuwa alicheza na watoto. Hakujifunza kupiga pasi ya haraka wala kutafuta nafasi, maana nguvu zilimtosha. Alipopandishwa kucheza na watu wazima nguvu zile zikawa za kawaida, na ujuzi hakuwa nao. Akaachwa. Alipotafuta kazi na hati ya kusafiria, cheti cha kuzaliwa kikasema hili, cheti cha kidato cha nne kikasema lile, na kila ofisi ikamrudisha. Leo ni fundi wa pikipiki. Tukikutana hunisalimu kwa furaha na kuniita mwalimu, nami hushindwa kumtazama usoni.

Nimesimulia haya kwa sababu barua ya namna ile mara nyingi haiandikwi na klabu. Huandikwa na sisi walimu.

Yapo madhara mengine yasiyoonekana kwa urahisi. Barnsley na wale wa Ubelgiji waliweza kuligundua tatizo lao kwa kuwa tarehe walizozihesabu zilikuwa za kweli. Sisi tukizihesabu tarehe za wachezaji wetu chipukizi, tutakuwa tunahesabu nini? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba katika watoto wa chini ya miaka mitano, takriban 1 tu kati ya 4 alikuwa ameandikishwa kuzaliwa kwake. Wakala wa usajili, RITA, tangu mwaka 2013 umekuwa ukisogeza huduma hiyo hadi kwenye zahanati na ofisi za kata, na hali inaendelea kuwa nzuri. Lakini vijana wa sekondari wa leo wengi wao walizaliwa kabla huduma hiyo haijawafikia. Umri wa uongo hauharibu shindano tu, huharibu kipimo. Na taifa lisilo na kipimo haliwezi hata kujua kwamba linapoteza.

Yafaayo kufanywa

Yule mwalimu wa uwanja wa mchanga alikuwa na hoja. Alihitaji kushinda, na kiongozi wake hangemngojea Hamisi arefuke. Hoja hii haiwezi kupuuzwa, kwani mwili nao ni sehemu ya soka. Wapo pia watakaobaki wafupi maisha yao yote, na si kila mfupi ana kipaji kilichofichika. Sisemi tuwateue wafupi. Nasema tusiwateue wala kuwatupa kwa kimo kabla ya wakati wake. Ngazi ya vijana si mahali pa kutafuta vikombe. Ni mahali pa kufundisha. Akademi ya ASEC Mimosas mjini Abidjan, iliyoanzishwa katika miaka ya 1990 na Mfaransa Jean-Marc Guillou, iliwalea vijana wake kwa miaka kadhaa, mpira na masomo pamoja. Mwaka 1999 vijana hao walikuwa wengi katika kikosi kilichoishinda Espérance ya Tunisia na kutwaa Kombe la Mabingwa wa Afrika la ufunguzi wa msimu. Kikombe kilikuja, lakini kilikuja baada ya subira.

Kwanza, kila akademi iwe na daftari. Kila mtoto aandikwe tarehe yake ya kuzaliwa kama ilivyo katika cheti, na kila baada ya miezi mitatu apimwe kimo na uzito. Futi ya kupimia ukutani na mizani ya zahanati hazihitaji mfadhili. Baada ya mwaka mmoja mwalimu ataona ni nani yumo katika kurefuka kwa kasi, naye atampunguzia mazoezi mazito badala ya kumwita mvivu. Na siku kijana huyo atakapouzwa, daftari hilo ndilo litakaloidai haki ya klabu.

Pili, mara kwa mara vijana wagawanywe kwa umri wa mwili badala ya mwaka wa kuzaliwa. Klabu za Uingereza zimekwisha kulijaribu jambo hili, kwa kuwaweka pamoja wale waliofikia asilimia inayokaribiana ya kimo chao cha mwisho. Aliyewahi kukomaa hukutana na wenye nguvu kama yeye, hulazimika kutumia akili. Aliyechelewa hupata kugusa mpira. Shirikisho la Ubelgiji nalo liliunda timu maalumu za wale wachelewao, ili wasipotee njiani.

Tatu, asiyeteuliwa leo apewe tarehe ya kurudi. Mlango wa akademi usifungwe kabla ya miaka 16, maana kabla ya hapo wengi bado miili yao haijasema neno lake la mwisho.

Nne, shule na chuo visiwe adui wa mazoezi. Watoto wengi wa mwambao wetu huenda madrasa alasiri. Klabu ipangayo mazoezi saa hizo hujinyima nusu ya mtaa. Na wengi wa watakaoingia akademi hawataishi kwa mpira. Klabu inayomtoa kijana darasani bila kumrudisha imechukua amana isiyoweza kuilipa.

Tano, na hili ni letu walimu: tusiandike barua ile. Badala yake tumsaidie mzazi kukipata cheti cha kweli.

Kwa wanafunzi ninalo zoezi. Chukueni orodha ya wanafunzi wote wa shule yenu na muihesabu kwa robo nne za mwaka wa kuzaliwa. Kisha fanyeni vivyo hivyo kwa wale walioteuliwa kuiwakilisha shule katika UMISSETA. Linganisheni. Mkumbuke kwamba timu moja ya watu 20 yaweza kudanganya, kama vile sarafu irushwayo mara kumi iwezavyo kuonyesha upande mmoja mara saba bila sababu yoyote. Basi shirikianeni shule kadhaa, za Tanga, Muheza, Pangani na Mkinga, na kila mwaka muongeze hesabu mpya. Mkianza leo na tarehe za kweli, baada ya miaka michache mtakuwa na jambo ambalo klabu zetu kubwa hazina.

Yule kijana wa Desemba, alipomaliza kuvua viatu, alivifunga kwa kamba, akavitundika begani, akaniaga kwa adabu. Nilimwuliza kama atarudi mwakani. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kuna mtu amemwahidi kumtengenezea cheti kingine, ili mwakani awe bado na miaka 13. Nilimsihi asikubali. Nilimwambia kwamba mwili wake utafika wakati wake ukifika. Alinitazama kama mtu anayesikia maneno mazuri yasiyomfaa kitu. Ni juu yetu kuyafanya maneno hayo yamfae.